Maneno Kwanza, Kinanda Baadaye: Kuimba Gilbert na Sullivan Katika Kwaya ya Ridhaa

Ukijiunga na kwaya ya ridhaa ya opera za vichekesho huku Uingereza, kama nilivyojiunga mimi, hutakaa sana kabla ya kuwafahamu Gilbert na Sullivan. Gilbert aliandika maneno, Sullivan akayatia muziki, na kati ya 1871 na 1896 walitoa opera 14. Nazipenda kwa sababu kwaya humo si pambo: ndiyo mabaharia, ndiyo maharamia, ndiyo wazee wa baraza mahakamani.

Kikundi kichanga kianze na Trial by Jury ya 1875. Haifiki saa nzima, yote inaimbwa, na kwaya iko jukwaani karibu muda wote. Hakimiliki ya tungo zao nayo ilikwisha zamani.

Mazoezi tunayaanza bila kinanda. Tunasoma maneno kwa mapigo ya wimbo, polepole, kisha tunaongeza kasi. Wimbo wa Meja Jenerali katika The Pirates of Penzance (1879) unakwenda mbio mno, na kwaya inamwitikia kwa mbio hizohizo. Kwa hiyo weka alama ya penseli kila mahali pa kuvuta pumzi, na usivute pengine. Sisi tuliokulia Kiswahili tuna kazi ya ziada, maana ulimi wetu umezoea kumalizia neno kwa irabu. Waimbaji 30 wakiitoa “t” ya mwisho kila mtu kwa wakati wake, neno linapotea na kichekesho kinakwenda nalo. Kubalianeni “t” hiyo iangukie pigo lipi.

Sullivan alipenda kuwapa wanawake wimbo wao na wanaume wao, kisha akaziunganisha nyimbo hizo mbili. Katika opera hiyohiyo, wasichana wanawahimiza polisi waende wakafe kishujaa, huku polisi wenyewe wakitetemeka. Kila upande ushike wimbo wake barabara ndipo mkutane, na hata hapo imbeni kwa sauti ndogo kwanza, mkisikilizana.

Halafu msichekeshe! Gilbert mwenyewe aliwataka waigizaji wake wacheze kwa dhati, kana kwamba hawajui kuna la kuchekesha. Msichana awaage polisi kwa uchungu, polisi aogope kweli. Ukumbi ukiangua kicheko, macho yabaki kwa mwongozaji, kwa kuwa wakati huo kinanda hakisikiki.