Dondoo muhimu: Kabla hujamlipa wakala wa safari ya nje

Msimu wa korosho ukiisha na fedha zikiwa mkononi, ndipo wakala anapofika Nalasi, wilayani Tunduru, na bahasha ya kaki kwapani, akitafuta mabinti wa kwenda Oman. Kwanza jiulize: ananifanyia nini nisichokiweza mwenyewe?

Pasipoti haihitaji wakala. Fomu ya Idara ya Uhamiaji hujazwa mtandaoni, na malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu inayotolewa na mfumo wa serikali. Ukiambiwa utume fedha kwenye simu ya mtu binafsi, acha. Mjomba mwenye simu nzuri pale Tunduru mjini atakusaidia kujaza.

Kwa kazi za nchi za Ghuba kama Oman, wakala anafaa akiwa na leseni. Andika jina la kampuni yake, kisha ulizia TaESA, Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, kama inatambulika. Mkataba usomewe kwa Kiswahili, neno kwa neno: mshahara, siku ya mapumziko, nauli ya kurudi. Mwachie mama nakala, pamoja na nakala ya pasipoti. Hili la nakala nalisisitiza sana: katika ripoti yake ya mwaka 2017, shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch liliwahoji Watanzania 50 waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu, na karibu wote walisema walinyang'anywa pasipoti.

Na kama unaahidiwa Kanada badala ya Ghuba, mshauri wa uhamiaji wa kulipwa lazima awe na leseni. Orodha ya wenye leseni iko wazi mtandaoni.

Wakala yeyote akikuambia uondoke usiku, au usimwambie baba, usiende.