Maji Yaliyosafishwa kwa Tangi la Samaki wa Baharini

Swali: Je, maji ya bomba yakitiwa chumvi yanatosha kwa tangi la samaki wa baharini nyumbani?

Jibu: Maji ya bomba huwa na klorini, na mara nyingi pia nitrati, fosfeti au shaba iliyotoka kwenye mabomba. Klorini huwadhuru samaki, nitrati na fosfeti hulisha mwani, na shaba, hata kidogo, huweza kuua kamba na matumbawe. Kuyachemsha hakuondoi madini. Njia ya uhakika ni chujio la osmosisi kinyume likifuatiwa na resini inayonasa ayoni, hadi kipimo cha vitu vilivyoyeyuka kisome 0.

Maji hayo matupu hayafai samaki yalivyo. Huchanganywa kwanza kwenye ndoo ya pembeni na chumvi maalumu ya akwaria (ya mezani haifai kabisa), takriban gramu 35 kwa lita, huku pampu ikiyakoroga.

Kosa la kawaida huja baadaye. Maji yanapopungua kwa mvuke, chumvi hubaki tangini. Pengo likijazwa maji ya chumvi, ukali wake huzidi kupanda. Hujazwa maji yaliyosafishwa pekee, yasiyo na chumvi.