Mashine ya Kukatia Majani: Kuisafisha na Kuiweka Bila Kuumia

Ukitembea Mama Ngina Drive ukielekea upande wa bahari utauona uwanja wa Mombasa Golf Club, kilabu kilichoanzishwa mwaka 1911. Majani ya uwanja mpana kama ule hayamalizwi kwa fyekeo. Hukatwa kwa mashine, na miongoni mwa mashine za kukatia majani iko ile ya kukalia, ambayo dereva huketi juu yake kama yuko kwenye trekta ndogo. Mji wa Kale hutaikuta, maana vichochoro vyake hata mkokoteni hupita kwa taabu. Lakini penye kiwanja kikubwa cha mpira, mashine hii ina kazi. (Vitabu husema nyasi; sisi hapa Mombasa tumezoea majani, nami nitaendelea hivyo hivyo.)

Chini ya kiti mna kifuniko kipana cha bati nene, mfano wa sufuria iliyofudikizwa. Ndani yake huzunguka visu, vikivutwa na mkanda unaotoka kwenye injini. Ncha ya kisu huweza kwenda zaidi ya kilomita 250 kwa saa. Mashine inaponguruma kila mtu hukaa mbali nayo. Taabu huja ikinyamaza, kwa sababu hapo ndipo mtu anapoinama na kutia mkono akwangue majani yaliyogandamana.

Kwanza, ukivizima visu haviachi kuzunguka papo hapo, kwa hiyo ngoja mpaka usisikie chochote. Kisha zima injini, uvute breki, utoe ufunguo na kuutia mfukoni mwako mwenyewe. Usiuache kwenye swichi, hata kama uko peke yako, maana atakayekuja baadaye hajui kuwa mkono wako uko chini. Baada ya hapo chomoa waya wa plagi na uuweke mbali na plagi yenyewe. Wengine huona hii ni kazi ya bure. Si ya bure. Ikiwa mkanda umekazwa, ukikigeuza kisu kwa mkono unaweza kuizungusha injini pia. Pistoni hupanda, petroli iliyobaki hubanwa, plagi hutoa cheche, na injini huweza kushtuka mara moja. Mara hiyo moja yatosha kuondoa vidole.

Ikibidi kuinua mashine, jeki peke yake isiaminiwe. Weka magogo imara chini ya fremu, uzuie na magurudumu, ndipo uangalie chini. Visu vishikwe kwa glavu nene. Kisu kilichopinda au chenye ufa kisinyooshwe kwa nyundo, kinunuliwe kingine.

Sasa tuje kwenye kusafisha, na hapa kisiwani tuna shida yetu wenyewe. Pepo za kusi, tangu mwezi wa Aprili hadi Septemba hivi, hutuletea unyevu wenye chumvi kutoka baharini, na mvua za masika nazo huanguka wakati huo huo, majani yakamea kwa fujo. Majani mabichi yakishikamana na bati huweka maji na chumvi pamoja, na kutu haitaki zaidi ya hapo. Kwa hiyo mashine isilale chafu hata usiku mmoja. Kwangua kwanza kwa kijiti au mwiko wa mbao, kisha upige brashi, tena bila maji. Kazi kubwa huishia hapo. Maji yafuate baadaye, kidogo tu, injini ikiwa imekwisha poa, na yasielekezwe kwenye beringi, betri wala kabureta.

Lakini maji gani? Visima vingi vya kisiwani vina maji ya chumvi, na kuoshea mashine kwa maji hayo ni kuipaka kile unachotaka kukiondoa. Tumia ya mfereji, au ya mvua. Wenye boti za injini wanalijua jambo hili vizuri: wakirudi baharini huizamisha injini ndani ya pipa la maji baridi, wakaiwasha kidogo ili chumvi itoke ndani. Manahodha wa zamani nao walipaka mbao za vyombo vyao sifa, yaani mafuta ya papa, ili zisiharibike. Bati la mashine, likisha kukauka kabisa, lipakwe oili nyembamba kwa fikira hiyo hiyo.

Kuiweka wakati wa likizo ndefu kuna hesabu yake. Petroli ikikaa zaidi ya mwezi mmoja huanza kuharibika na kuacha utando wa gundi ndani ya kabureta. Afadhali kuitoa tangini, kisha kuiacha injini iishe petroli yenyewe nje uwanjani. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini mpaka ukutane na moto. Basi stoo iliyo ubavuni mwa jiko la kuni si mahali pa mashine hii, wala pa jerikeni la petroli. Betri nayo ifunguliwe waya wa hasi kwanza, na wakati wa kurudisha uwe wa mwisho. Ukianza na chanya, spana ikigusa bati hupiga cheche, na betri iliyotoka kuchajiwa huwa imetoa haidrojeni inayolipuka.

Nina ombi kwa walimu wetu. Mwanafunzi aliyekosa anaweza kupewa fyekeo akate majani. Asipewe mashine hii aisafishe kama adhabu, maana anayeadhibiwa hufanya haraka ili amalize, na kazi hii haitaki haraka. Afundishwe yule anayependa, akiwa na mtu mzima anayeijua.

Shule zikifunguliwa, msiiwashe mara moja. Chunguza kama panya hawakujenga kiota juu ya injini, pima oili, tazama mkanda kama una nyufa, jaza upepo tairi, tia petroli mpya. Kisha isukumeni mpaka nje ndipo iwashwe, kwa kuwa katika moshi wake mna gesi isiyo na harufu, na ndani ya stoo iliyofungwa gesi hiyo huua.