Bei ya Kiraka cha Kwanza

Programu ya kompyuta huzaliwa ikiwa maandishi. Mtu huketi akaandika maagizo kwa lugha ambayo mwenzake aliyejifunza lugha hiyo anaweza kuisoma, na maandishi hayo ndiyo yaitwayo msimbo chanzo. Kisha programu nyingine, kompaila, huyageuza kuwa mfululizo wa sifuri na moja ambao prosesa inauelewa lakini binadamu akiutazama haoni kitu. Kampuni nyingi huuza hizo sifuri na moja, maandishi zikayafungia ndani. Programu huria ni ile ambayo maandishi yake yako wazi, tena yana leseni inayokuruhusu kuyasoma, kuyanakili, kuyabadili na kuyagawa.

Nikikupa embe langu, mimi nabaki mikono mitupu. Nikikupa programu, tunayo sote wawili, na nakala yako imegharimu umeme kidogo na sekunde chache za mtandao. Hapo ndipo watu hukosea hesabu. Hudhani kwamba programu huria ikipata watumiaji milioni moja, wachangiaji watajaa wenyewe. Hawajai, kwa sababu kinachonakiliwa bure ni maandishi, si ufahamu wa maandishi hayo. Kila anayetaka kugusa msimbo lazima auelewe walau kipande chake, na kazi hiyo ya kuelewa huanza upya kwa kila kichwa.

Tuipime. Tuseme karani wa zahanati huko Mwanza, anayejua kuandika programu kiasi, anatumia programu huria ya kusajili wagonjwa. Kila akiandika namba ya simu inayoanza na +255, fomu inamkatalia. Aliyeitengeneza aliwazia namba ya herufi 10, yaani 07 na tarakimu nane nyuma yake, ilhali +255 na tarakimu tisa zinazofuata hufanya herufi 13. Mahali fulani ndani ya msimbo kuna mstari unaosema urefu usizidi 10. Kubadili 10 iwe 13 ni kazi ya kufumba na kufumbua.

Lakini aupate kwanza huo mstari. Msimbo ukiwa na mamia ya mafaili yenye majina ya mafumbo, ataupekua jioni nzima. Akiupata hawezi kuubadili na kuondoka. Lazima aijenge programu upya kwenye kompyuta yake ili aone kama kweli imepona, na hapa ndipo wengi hukatia tamaa. Maelekezo yanataka toleo fulani la kompaila, hifadhidata, na maktaba za msimbo zilizoandikwa na watu wengine. Mojawapo imeshabadilika tangu maelekezo yaandikwe, basi skrini inamjibu kwa ukurasa mzima wa makosa yasiyohusiana na simu hata chembe. Kifurushi cha intaneti nacho kinakata katikati ya kupakua. Tuseme amevuka. Je, hakuvunja kitu kingine bila kujua? Programu yenye majaribio yanayojiendesha humjibu ndani ya dakika chache. Isiyo nayo humwachia hofu ya kuumbuka mbele ya watu asiowajua. Mwisho anatuma kiraka chake, yaani hilo badiliko dogo, anaanza kusubiri. Siku tatu, wiki, mwezi.

Weka mizani sasa. Upande mmoja kuna kero ya namba ya simu, pamoja na hamu ya kujifunza, sifa, pengine mshahara. Upande wa pili kuna kutafuta, kujenga, hofu na kusubiri. Mtu huchangia pale tu upande wa kwanza unapouzidi wa pili, na kuandika lile badiliko lenyewe ni uzito mdogo kiasi kwamba hautikisi mizani. Ndiyo maana sina imani na matangazo ya kuwakaribisha wachangiaji: huleta watu wengi zaidi mlangoni, kizingiti kikabaki palepale.

Mizani hiyo imewahi kuinamia upande wa kwanza. Tarehe 25 Agosti 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini, aliwaarifu watumiaji wa mfumo uitwao Minix kwamba anaandika mfumo wake wa uendeshaji, kwa kujifurahisha tu. Tazama aliwaambia akina nani. Minix ilikuwa ya Profesa Andrew Tanenbaum, aliyeitengeneza kwa ajili ya kufundishia na akataka ibaki ndogo, kwa hiyo nyongeza nyingi za watumiaji hazikupokelewa. Hao walikuwa watu wenye kero, wenye kompaila mkononi, na waliokwisha kujifunza mfumo wa uendeshaji unavyofanya kazi. Gharama kubwa kuliko zote walikuwa wameilipa kabla Torvalds hajafungua mdomo.

Toleo 0.01 la mfumo huo, uliopewa jina la Linux, lililotoka Septemba mwaka huohuo, lilikuwa na mistari takriban 10,000, kiasi ambacho mtu mmoja mwenye bidii anaweza kukisoma chote. Lilikuwa na kasoro tele. Nadhani kasoro hizo zilisaidia: kazi ikikamilika, mgeni hana pa kushika. Ila isiwe mbovu kiasi cha kutowaka, maana asiyeweza kuiendesha programu hawezi kuona kiraka chake kimefanya nini. Halafu kulikuwa na leseni. Ya kwanza ilikataza kuuza. Mwaka 1992 Torvalds alihamia leseni ya GPL, inayomtaka kila anayegawa programu iliyobadilishwa agawe na msimbo wake. Mchangiaji akajua kwamba jasho lake halitafungiwa kwenye kabati la mtu.

Wachangiaji walipoongezeka, hesabu nyingine ya zamani ikaanza kusumbua. Mwaka 1975 Frederick Brooks, aliyeongoza utengenezaji wa mfumo wa OS/360 pale IBM, alieleza kwa nini kuongeza watu kwenye kazi ya programu iliyochelewa huichelewesha zaidi. Watu watano, kila mmoja akilazimika kuelewana na kila mwenzake, wana njia 10 za mazungumzo. Watu 50 wana njia 1,225. Watu wameongezeka mara kumi, maongezi zaidi ya mara mia. Kwa hesabu hiyo Linux, ambayo siku hizi kila toleo lake jipya hubeba kazi ya watu zaidi ya 1,000, ingepaswa kuwa imekufa zamani.

Haikufa kwa sababu wengi wao hawahitaji kuzungumza. Zaidi ya nusu ya msimbo wa Linux ni viendeshi, vipande vinavyoiwezesha kompyuta kutumia kifaa fulani. Anayerekebisha kiendeshi cha kadi ya mtandao na anayeandika cha kipanya wanaweza wasijuane maisha yao yote. Kila mmoja anasoma kipande chake na yale makubaliano ya namna kipande kinavyoshikana na kiini cha mfumo, basi. Ukuta uleule unaopunguza maongezi unapunguza pia kiasi cha kuelewa. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanzishwa mwaka 2004 na Taasisi ya Regenstrief ya Marekani, na kuanza kutumika Eldoret mwaka 2006, ulifuata njia hiyo: kiini kimoja, na moduli ambazo hospitali ya nchi yoyote inaweza kujiandikia bila kukigusa.

Mpaka hapa nimesimama upande wa mgeni. Lakini kila gharama anayopunguziwa mgeni, kuna mtu ameibeba. Maelekezo yanayofanya kazi lazima mtu ayajaribu upya kila mara. Majaribio yanayojiendesha lazima yaandikwe. Hitilafu ndogo ambayo mtunzaji wa mradi angeimaliza kwa dakika tano anaiacha kwa makusudi, anaiwekea alama kwamba ni ya wageni, kisha anatumia saa nzima kumwelekeza mgeni aitengeneze. Na kiraka lazima kisomwe kwa makini. Linux ina wasomaji wengi kwa sababu sehemu kubwa ya kazi yake siku hizi hufanywa na waajiriwa wa kampuni. Miradi mingi haina bahati hiyo. OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche iliyolinda sehemu kubwa ya tovuti duniani, ilikuwa ikipokea michango ya takriban dola 2,000 tu kwa mwaka hadi lilipotangazwa tundu la usalama liitwalo Heartbleed, Aprili 2014. Watumiaji hawakuwa na idadi, lakini hakuna aliyekuwa ameona kero, na msimbo wake ulikuwa mgumu kusomeka.

Kisa cha xz kinatisha zaidi. Hii ni programu ya kubana data iliyomo karibu katika kila kompyuta ya Linux, na kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja aliyechoka. Akatokea mchangiaji mwema, akatuma viraka vizuri kwa zaidi ya miaka miwili, huku akaunti nyingine zikimshinikiza mtunzaji agawane madaraka. Akagawana. Matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya mwaka 2024 yakatoka na mlango wa siri ndani yake. Andres Freund aliugundua kwa sababu kuingia kwenye mashine yake kwa mbali kulichelewa kama nusu sekunde, naye hakukubali kuipuuza.

Freund ni mmoja wa wasanifu wa PostgreSQL, hifadhidata huria, na mradi huo una desturi ambayo ningependa kuiona kwingi: anayeleta kiraka anatarajiwa kukagua walau kiraka kimoja cha mwingine. Kusoma kiraka cha mwenzako ni njia rahisi ya kuuingia msimbo usioujua, na papo hapo kunampunguzia mtunzaji foleni. Mradi unaohesabu wachangiaji wake na uhesabu pia ni wangapi kati yao wameshawahi kusoma kazi ya mwingine na kuiandikia jibu.