Madirisha Yanayoingilia Kazi ya Kupiga Taipu

Nataka kuwaeleza habari ya jambo dogo la kompyuta ambalo lilitutia hasara kubwa muhula uliopita. Wengi wenu mmeliona. Unapiga taipu, mara dirisha linatokea katikati ya skrini bila kuitwa, na maneno unayoyaandika hayaingii tena katika ukurasa wako. Mimi nilikuwa nikilicheka, mpaka siku nilipopewa kazi na kijana mmoja wa Senior Two.

Kijana huyo alifiwa na baba yake, na karo ilikuwa imemshinda mama yake. Ofisi moja hapa Kampala ilikuwa ikipokea barua za kuomba msaada wa karo, na mwisho wa kuzipokea ulikuwa Ijumaa hiyo, saa kumi na moja jioni. Alikuwa ameiandika barua yake kwa mkono, kurasa mbili, kwa Kiingereza kizuri kuliko changu nilipokuwa darasa lake. Akaniletea niipige taipu, kwa kuwa vidole vyangu ni vyepesi. Tuliketi katika chumba cha kompyuta saa tisa na nusu. Macho yangu yalikuwa juu ya karatasi, siyo juu ya skrini. Nilikuwa nimekaribia mwisho wa ukurasa wa pili.

"Kaka," kijana akasema, "mbona skrini imekuwa nyeusi?"

Programu moja iliyokuwamo katika mashine ile ilikuwa imefungua dirisha lake kuuliza kama kompyuta izimwe na kuwashwa upya. Mimi sikuliona swali. Nilibonyeza kile kitufe kirefu cha kuachia nafasi kati ya neno na neno, na kompyuta ikakihesabu kuwa nimejibu "Ndiyo". Sikuwa nimeihifadhi barua hata mara moja. Tulianza tena, tukapanda bodaboda, na tulipofika tukakuta mlango umefungwa. Jumatatu aliambiwa arudi mwaka ujao. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Jumamosi iliyofuata nilishuka mpaka Nasser Road, mtaa wa wapiga chapa. Niliwaza kwamba watu wanaopata mkate wao kwa kupiga taipu barua na kadi za arusi mchana kutwa hawawezi kuvumilia upuuzi huu. Mzee mmoja alinisikiliza bila kuacha kazi yake.

"Mwanangu," akaniuliza, "dirisha lile lilizichukua herufi zako, au lilijionyesha tu?"

Sikuwa na jibu, maana sikujua kuwa ni mambo mawili. Kumbe somo lote limo katika swali hilo.

Kompyuta yaweza kuwa na madirisha kumi yaliyo wazi, lakini kibodi ni moja. Kila herufi unayoibonyeza hupelekwa kwa dirisha moja tu, lile lililo mbele. Arifa inayotokea pembeni mwa skrini na kutoweka husumbua macho, lakini kwa kawaida haizigusi herufi zako. Adui ni dirisha linaloruka mbele. Hilo likishika nafasi, herufi zote humiminika kwake. Tena ndani yake mara nyingi pana kitufe kimoja kilichokwisha kuchaguliwa, na Enter au kitufe cha nafasi hukibonyeza kana kwamba umetumia kipanya. Mtu apigaye taipu hubonyeza kitufe cha nafasi baada ya kila neno. Basi fikirini wenyewe. (Mashine za taipu za zamani zilikuwa na kelele na wino wa kuchafua mikono, lakini hazikupata kumwuliza mtu swali.)

Watengenezaji wa Windows waliijua hatari hii. Tangu Windows 98 na Windows 2000 iliwekwa sheria kwamba programu isijilete mbele wakati mtu anatumia nyingine. Ingoje, na alama yake imetemete chini ya skrini. Muda wa kungoja huwekwa kwa kawaida kuwa milisekunde 200,000, yaani sekunde 200 tangu ulipogusa kibodi au kipanya. Lakini sheria hii ina mianya. Programu iliyo mbele yaweza kumpisha mwenziwe, na wako watengenezaji wanaotumia hila ili kuipita. Kwa hiyo usitegemee sheria peke yake.

Dawa ya kwanza ni kujua dirisha ni la nani. Msilifunge kwa hasira! Lisomeni jina lake juu, kisha mkalinyamazishe kwao.

Likiwa limetoka katika kivinjari, wenyewe ni watu wa tovuti. Madirisha ya matangazo ya namna hii yalianza katika miaka ya 1990. Ethan Zuckerman, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Tripod, ndiye aliyeandika maagizo ya kufungua tangazo katika dirisha lake mbali, na mwaka 2014 aliomba radhi hadharani katika gazeti la The Atlantic. Ni wachache waombao radhi kwa jambo kama hilo. Tangu mwaka 2004, Internet Explorer ya Windows XP ilipopata kizuizi chake, vivinjari vinavyojulikana huyazuia mengi ya madirisha hayo vyenyewe. Siku hizi mlango uliobaki wazi ni ule tunaoufungua sisi. Tovuti ya mpira inauliza, "Je, nikuletee arifa?" nasi twakubali bila kusoma. Katika Chrome, ingieni Mipangilio, kisha Faragha na usalama, kisha Mipangilio ya tovuti, mkaangalie Arifa. Katika mashine moja ya shule yetu nilikuta tovuti kumi na nne zimepewa ruhusa, na nne kati yake ni za matokeo ya mpira wa Uingereza.

Likiwa ni arifa ya kompyuta yenyewe, katika Windows 11 bonyezeni kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na herufi N, halafu bonyezeni picha ya kengele. Arifa zitakaa kimya mpaka mziruhusu tena. Mambo haya huwapata hata wakubwa. Mwezi wa Aprili 2016, katika kituo cha televisheni cha KCCI mjini Des Moines, Marekani, mtangazaji wa hali ya hewa alikuwa akieleza ramani ya mvua, mara dirisha la kumhimiza apokee Windows 10 likaifunika ramani mbele ya watazamaji wote.

Lililobaki ni la programu nyingine, kama lile lililonipata mimi. Haya ndiyo mabaya, kwa kuwa kengele haiyazuii. Bonyezeni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, mtafute orodha ya programu zinazojianzisha kompyuta inapowashwa, mkazizime zile msizozihitaji. Kisha fungueni programu yenyewe, mtafute katika mipangilio yake mahali pa kuzuia maonyo. Ikiwa ni programu ya majaribio ambayo muda wake umekwisha, nyingine haisikii ila kuondolewa kabisa.

Mzee wa Nasser Road aliniongezea mambo mawili ambayo hayamo katika mipangilio yoyote. Jambo la kwanza, inua macho kila mwisho wa mstari, na ukiona dirisha geni bonyeza Esc, ambacho mara nyingi humaanisha "Hapana". Jambo la pili, bonyeza Ctrl na S kila mwisho wa aya. Word hujiwekea nakala ya akiba kila baada ya dakika 10 isipobadilishwa, lakini mimi naweza kupiga taipu ukurasa mzima katika dakika 10, na faili isiyopewa jina yaweza kuwa taabu kuipata tena.

Tangu hapo tumezisafisha mashine saba za chumba chetu, mimi na yule kijana. Sasa hupiga taipu mwenyewe, polepole, na barua yake ya mwaka ujao iko tayari katika faili mbili. Mashine ya nane, ile iliyo karibu na mlango, ina programu isiyoondoka bila nywila ya Bwana Mwalimu, naye bado hajarudi kutoka Masaka. Mpaka arudi, msipige barua yoyote katika mashine ile.