Jibini ya Wiki Mbili kwa Mfugaji wa Eldoret

Mvua zikishika Uasin Gishu, nyasi hunawiri, ndoo hujaa na bei ya maziwa huteremka. Maziwa hayo yanaweza kuhifadhiwa kama jibini, kazi isiyo ngeni Eldoret: kiwanda cha Doinyo Lessos kimeifanya mjini kwa miaka mingi. Anayeanza aijaribu Caerphilly, jibini nyeupe ya Welisi yenye ulaini wa wastani na uchachu kidogo, iliyopendwa sana na wachimba makaa ya mawe. Cheddar hungojewa miezi. Hii huliwa baada ya wiki mbili.

Andaa maziwa lita 10, ambayo hutoa takriban kilo 1, pamoja na chachu ya jibini, reneti ya kugandishia maziwa, kipimajoto, kitambaa safi na kopo lenye matundu. Usitumie maziwa ya ng'ombe aliye kwenye antibayotiki kabla siku za kusubiri hazijaisha. Dawa huua chachu.

1. Pasha maziwa hadi nyuzi 63 za selsiasi, yakae hapo dakika 30. Hivyo ndivyo vijidudu vya brusela na kifua kikuu vinavyouawa. Yapoze hadi 32.

2. Tia chachu, ngoja dakika 30. Ongeza reneti iliyozimuliwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, koroga dakika 1, kisha usiiguse sufuria.

3. Baada ya dakika 45 chomeka kisu, uinue taratibu. Donge likipasuka kwa ufa mnyoofu, na maji ya kijanikijani yakajaa humo, liko tayari. Likiwa bado kama uji, ngoja dakika 10 zaidi.

4. Kata vipande vya sentimita 1, ukoroge polepole dakika 40 joto likifika 33.

5. Chuja, funga kwa kitambaa, tia koponi na uweke uzito wa kilo 5. Baada ya saa moja geuza, uongeze hadi kilo 10, ulaze usiku kucha.

6. Loweka saa 8 katika maji ya chumvi, gramu 200 kwa lita. Kausha, kisha hifadhi penye nyuzi 10 hadi 13, ukigeuza kila siku.

Baridi ya usiku wa Eldoret husaidia, ila mchana pima joto la chumba. Maji yaliyochujwa wape nguruwe.

Anayetengeneza mursik anajua tayari lililo kubwa: kibuyu chake, sotet, kisiposafishwa vyema, maziwa huharibika. Sufuria, kitambaa na mikono ya jibini vinadai uangalifu uleule. Kabla ya kuuza, pata leseni ya Bodi ya Maziwa ya Kenya na alama ya ubora ya KEBS.