Mawe ya Yordani na Kitabu cha Kikundi



Somo la mara hii lisomeni pamoja mkiwa mkutanoni. Aliye na Biblia afungue Kitabu cha Yoshua sura ya 4, aendelee mpaka sura ya 5, mstari wa 12. Wengi wetu huishia ile ya 4, na hapo tunakosa jambo kubwa.

Habari yenyewe mnaijua. Waisraeli wamefika mto Yordani baada ya miaka 40 jangwani. Ni wakati wa mavuno na mto umefurika. Makuhani wakaingia na Sanduku la Agano, maji yakasimama, watu wakavuka. Basi Mungu akaagiza watu 12, mmoja wa kila kabila, wabebe kila mtu jiwe lake kutoka pale makuhani waliposimama. Yoshua akayasimamisha mawe hayo Gilgali, ili watoto wakija kuuliza ni ya nini, wazazi wawe na la kujibu.

Angalieni yalikotoka. Hayakuokotwa kando ya njia. Yalitoka katikati ya mto, mahali penyewe pa hofu. Kwa hiyo mtu anayeshukuru hajifanyi kwamba hakupata taabu. Ile taabu ndiyo jiwe lake, amelibeba begani mpaka ng'ambo.

Sasa sura ya 5. Wakiwa bado Gilgali walikula Pasaka, wakala na mazao ya nchi, na mana ikakoma. Chakula cha miaka 40, basi. Lakini mawe yalikuwa yameshasimama.

Jambo hili tuliliona kwa macho. Kikundi kimoja tunachotembelea Ukambani kilikuwa kinajenga bwawa la mchanga wakati wa ule ukame wa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022. Wanakikundi walipewa mahindi, maharagwe na mafuta ya kupikia kwa siku walizofanya kazi. Mvua iliporudi 2023, chakula kikakatwa. Ukuta ulikuwa umefika magotini. Tulipokwenda tulikuta watu 9 kati ya 34, na ajenda ni moja: kugawana akiba na kuvunja kikundi. "Mnatuita wa nini na hakuna kitu?" mama mmoja alituuliza. Lawama nyingine ni yetu. Tulikuwa tumehesabu magunia na siku za kazi, lakini hatukuwahi kukaa nao tuwaulize wametoka wapi.

Hotuba hatukuwa nayo. Tulimwomba katibu alete kitabu cha zamani cha kumbukumbu, asome mkutano wa kwanza kabisa. Akasoma. Kumbe walianza akina mama 11, kila mmoja na shilingi 20, ili wamzike mtoto wa mwenzao aliyekosa pesa ya sanduku. Mfadhili hakuwepo. Akasoma habari za mbuzi wa kukopeshana, jina la mwanachama wa kwanza kufariki, na ule mwaka mweka hazina alipotoroka na fedha wakaanza tena kutoka sufuri. Hapo mzee mmoja akasema polepole, "Kumbe tulikuwepo kabla ya mahindi."

Tusiwadanganye, si wote waliorudi. Waliorudi walikuwa 20, nao walimaliza ukuta kiangazi kile, mfupi kuliko ulivyochorwa. Unashika maji.

Lakini jamani, kuna kukumbuka kwingine kunakomaliza watu nguvu. Hesabu sura ya 11 inatuambia Waisraeli walikumbuka samaki, matango na vitunguu vya Misri mpaka wakalia. Matofali na viboko hawakuvitaja! Sisi nasi tukikutana, nusu ya mazungumzo ni "zamani tulikuwa tunapewa." Hayo ni matango.

Na sisi Wakatoliki tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili. Ekaristi ni neno la Kigiriki, maana yake kushukuru. Bwana alishukuru akiwa na mkate mkononi usiku ule ule wa kusalitiwa, akatuagiza tufanye hivyo kwa ukumbusho wake. Hakungoja mambo yawe mazuri.

Kazi yenu kabla ya somo lijalo: katibu alete kitabu cha zamani kabisa. Kikiwa kimeliwa na mchwa, anzeni na mwanachama wa siku nyingi. Kila mtu ataje jambo moja ambalo Mungu aliwavusha, aseme ni mwaka gani, nani walikuwepo, na lilimgharimu nani. Mtu akisema tu "Mungu ametutendea mengi," mwambieni kwa upole aendelee. Muulizane pia: mtoto akipita kwenye mradi wetu akauliza ni wa nani, tutamjibu nini? Majibu yaandikwe kitabuni. Majina ya wanachama marehemu yawe na ukurasa wao, na mumpe katekista nakala kabla ya Novemba, yasomwe kwenye Misa ya kuwaombea.